Mtaa Uliotangulia Daraja: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Pembezoni mwa Dodoma

Kisa hiki ni cha mtaa mmoja ulio pembezoni mwa Dodoma, ng'ambo ya korongo kubwa la mchanga. Majina ya mtaa, korongo, viongozi na ofisi zilizohusika yameondolewa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya mwenyeji aseme "hapa napajua" yamebadilishwa. Mtaa nitauita Ng'ambo, kwa sababu ndivyo watu wa mjini walivyokuwa wakiuita kabla haujapata jina kwenye karatasi za serikali. Niliingia katika suala hili wakati wa urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutolea hati nyumba zilizojengwa bila mpango, daraja likiwa limeshajengwa, kwa hiyo mengi ya hapa yanatokana na mihtasari ya vikao, michoro na maelezo ya wenyeji. Nimewaandikia maofisa mipango, watendaji wa kata na mitaa, na wajumbe wa kamati za ardhi ambao siku moja wataletewa habari njema kwamba eneo lao linapata daraja.

Usuli

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango kabambe wa kwanza ulikamilika mwaka 1976, ukiwa umechorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Kwa miongo mingi baada ya hapo ramani ilikuwa mbele ya mji: barabara zilichorwa mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja. Julai 2016 Serikali ikatangaza kwamba sasa inahamia kweli, na mambo yakageuka. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia kwa manispaa, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Watumishi, wanafunzi, mafundi na wafanyabiashara hao wote walihitaji pa kulala, na viwanja vilivyopimwa katikati ya mji havikuwa vya mfuko wa kila mtu.

Jambo la pili la kulijua ni korongo. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Korongo huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, mchanga mweupe mtupu. Mvua ikipiga huko milimani, maji hushuka kwa kishindo, hupita kwa saa chache, na kesho yake mtu anavuka kwa miguu bila kulowa goti. Ndani ya mchanga huo maji hubaki, na wakati wa kiangazi akina mama huchimba visima vifupi na kuyateka kwa kibuyu au kopo. Kwa mwenyeji wa Ng'ambo korongo lilikuwa kizuizi miezi minne na kisima miezi minane.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa na kaya chache za Wagogo, tembe na nyumba za tofali za kuchoma, mashamba ya uwele, mtama na karanga, na malisho. Palikuwa na drifti, yaani sakafu ya zege iliyolala juu ya mchanga, mahali ambapo watu walikuwa wakivukia tangu zamani. Mwalimu aliyepanga mjini, mama mjamzito na mwanafunzi wa sekondari wote walipita hapo. Maji yakishuka, mtu alisubiri au alizunguka mbali hadi barabara ya lami.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Misimu miwili mfululizo maji yalikula udongo chini ya drifti, na kipande cha zege kikavunjika. Serikali ya mtaa ikaandika barua, diwani akaibeba hadi kwenye baraza, na baada ya kuzungushwa kidogo ombi likaingia kwenye bajeti ya mamlaka ya barabara. Katika mkutano wa hadhara ilitangazwa kwamba drifti haitatengenezwa, litajengwa daraja.

Tarehe ya mkutano ule ina uzito kuliko tarehe ya ufunguzi, na mtu asipoishika hatakielewa kisa hiki. Kati ya mkutano na mkandarasi kushusha mitambo ulipita zaidi ya mwaka. Kwenye faili la mradi kipindi hicho kiko kimya: upembuzi, michoro, zabuni, mkataba. Kule Ng'ambo ndicho kilichokuwa na pilikapilika kuliko vyote. Wapima walipoweka bikoni za kwanza, yaani vigingi vya zege vya kuonyesha mipaka, madalali walifika hata kabla zege la bikoni halijakauka. Mashamba yalikatwa vipande vya hatua ishirini kwa ishirini. Hatua hizo hupimwa kwa miguu ya dalali, na hakuna dalali mwenye miguu mirefu siku ya kumpimia mnunuzi. Mauziano yaliandikwa kwenye ofisi ya mtaa mbele ya mjumbe na majirani, muhuri ukagongwa.

Ujenzi ulipoanza, misingi ya nyumba ilikuwa imeshatapakaa. Ulipokwisha, sehemu kubwa ya ardhi iliyo karibu na daraja ilikuwa na wenyewe wapya, wengi wao wakaazi wa mjini waliokuwa hawajalala Ng'ambo hata usiku mmoja. Bodaboda walihamisha kijiwe chao siku ileile daraja lilipofunguliwa. Daladala zikafuata, na kituo kikaitwa Darajani. Mpaka leo ukimwelekeza mtu, unaanza na Darajani: juu ya daraja, chini ya daraja, mkono wa kushoto ukishavuka.

Maamuzi matatu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mahali. Wenyeji walitaka daraja lijengwe pale pale palipokuwa na drifti, kwenye njia yao. Wahandisi walipendekeza sehemu ya juu kidogo ya korongo, ambako kingo zimekaribiana na mwamba uko karibu. Sababu za wahandisi zilikuwa nzito: daraja fupi ni la bei nafuu, na msingi unaokaa kwenye mwamba hauogopi mchanga unaohama. Pale kwenye drifti korongo ni pana na lina tabia ya kuhamisha mkondo. Wahandisi walishinda, na kwa maoni yangu walistahili kushinda. Hata hivyo, hakuna aliyeuliza swali linalofuata: barabara mpya ya kulifikia daraja itapita katika mashamba ya nani, na kitovu cha mtaa kitahamia wapi? Genge na mashine ya kusaga vilikuwa kwenye njia ya drifti. Barabara mpya ilipita kwenye mashamba ya koo chache, na ndani ya muda mfupi koo hizo zikawa ama tajiri ama hazina shamba, ilitegemea ziliuza lini.

Uamuzi wa pili ulihusu upana. Fedha zilikuwa za njia moja ya magari bila njia ya waenda kwa miguu. Hoja ilikuwa kwamba magari ya Ng'ambo yanahesabika kwa vidole, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi siku ilipofanywa. Ilihesabu watu waliokuwapo bila kuwahesabu walioletwa na daraja lenyewe. Leo asubuhi malori ya mchanga, bajaji, bodaboda na watoto wa shule hugombania upana uleule. Kwa makubaliano yasiyoandikwa popote, malori hungoja watoto wapite kwanza. Makubaliano hayo yameshikilia mpaka sasa, ingawa nisingependa usalama wa watoto utegemee uungwana wa madereva.

Uamuzi wa tatu ndio wenye kisa chenyewe. Ofisa mipango mmoja alishauri kwamba kabla ya ujenzi Ng'ambo ichorewe mchoro wa mipango miji: barabara za ndani, eneo la shule, zahanati, soko, makaburi, na mkondo wa maji ya mvua. Kikao hakikumkatalia. Kilisema "tutapima baada ya daraja." Sababu zilizoandikwa ni mbili. Kwanza, hapakuwa na fungu la upimaji wala la fidia kwa ardhi ambayo ingechukuliwa kwa matumizi ya umma. Pili, wajumbe waliogopa kwamba wananchi wangeona mchoro ni mbinu ya kuwanyang'anya mashamba. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mzee mmoja aliinuka kwenye mkutano akasema: "Mwenyekiti, shamba langu likishapigwa bikoni, mimi nakuwa mgeni juu ya kaburi la baba yangu." Kwa watu waliowahi kuona majirani wakihamishwa kupisha upimaji, kauli hiyo haikuhitaji ufafanuzi.

Sababu ya tatu haikuandikwa. Kwa mazoea, ofisi ya mtaa hupata asilimia kumi ya bei katika kila mauziano ya ardhi. Ada hiyo imekuwa ikikemewa, lakini ofisi nyingi hazina chanzo kingine cha kununulia hata karatasi. Kila hatua ishirini kwa ishirini iliyouzwa ilikuwa mapato, na mchoro ungesimamisha mauzo. Sisemi kwamba viongozi wa Ng'ambo walikuwa wezi. Nilichokiona kwenye vitabu ni kwamba sehemu ya fedha ilijenga vyoo vya ofisi na kulipa mgambo. Tatizo ni kwamba ofisi pekee iliyokuwa na uwezo wa kupunguza kasi ilikuwa inaishi kwa kasi hiyohiyo.

Katikati ya hayo likafanyika jambo moja ambalo halikuwa katika mpango wa ofisi yoyote. Ukoo mmoja wenye eneo kubwa uliitisha kikao chake, ukamwita mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na ukasema utaacha kipande kwa ajili ya shule, kwa sharti kwamba eneo lao lililobaki lipimwe kwanza na kila mwanaukoo, wakiwemo mabinti, apate kiwanja chake. Walichangishana fedha za mpima. Eneo hilo ndilo pekee Ng'ambo lenye barabara zilizonyooka.

Matokeo

Daraja limesimama na linafanya kazi yake. Mwalimu anafika masika na kiangazi, mgonjwa anafika hospitali, na shule ya msingi imejengwa kwenye kipande cha ukoo ule. Mafundi, mama ntilie na wauza vifaa vya ujenzi wamepata riziki ambayo haikuwapo. Mtu akiniuliza kama ingekuwa heri lisijengwe, nitamwona hajawahi kusubiri maji yapungue akiwa na mgonjwa mgongoni.

Mtaa uliozaliwa una sura ya mauzo yaliyouzaa. Vichochoro vinaishia kwenye ukuta wa mtu. Gari la zimamoto halifiki nusu ya nyumba. Zahanati haina mahali, na soko limejipanga lenyewe kwenye hifadhi ya barabara, pale pale mguuni mwa daraja, ambapo magari hupunguza mwendo na wateja hupatikana.

Maji ya bomba hayajavuka korongo kama inavyotakiwa. Visima vilivyochimbwa vingi ni vya chumvi, na maji ya kunywa huuzwa kwa madumu. Hapa kuna jambo lililonikera kuliko yote: daraja halikuachiwa nafasi ya kupitisha bomba. Hakuna tundu kwenye kuta za mwisho wala vishikizo chini ya sakafu, vitu ambavyo katika gharama ya zege lote lile visingeonekana. Mamlaka ya barabara ilikuwa na mchoro wake na mamlaka ya maji ilikuwa na mpango wake, na michoro hiyo miwili haikuwahi kuwekwa juu ya meza moja.

Mchanga nao una habari yake. Ujenzi wa mji unakula mchanga, na daraja lilifungua njia ya malori. Wachimbaji walishuka korongoni, wakachota chini kidogo ya daraja, mahali rahisi kufika. Sakafu ya korongo imeshuka, visima vya akina mama vimekauka mapema kuliko zamani, na upande ambao mwamba ulikuwa umezama zaidi, msingi wa daraja umeanza kuonekana. Zimewekwa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kuulinda. Nyumba kadhaa zimejengwa ukingoni kabisa, ndani ya mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Mabati na ardhi iliyoshindiliwa hayanywi maji, kwa hiyo mvua ileile ya zamani sasa hufika korongoni haraka zaidi, na tuta la barabara upande wa Ng'ambo huyazuia maji yaliyotoka mashambani. Kila masika nyumba zilizo nyuma ya tuta huingiliwa na maji ambayo hayakutoka korongoni.

Uchambuzi

Watu wengi huanza kuhesabu athari za daraja siku utepe unapokatwa. Kwa Ng'ambo, wakati utepe unakatwa mtaa ulikuwa umeshaamuliwa. Tangazo ndilo lililopandisha bei, bei ndiyo iliyokata mashamba, na mipaka ya mashamba yaliyokatwa ndiyo barabara za leo. Kauli ya "tutapima baada ya daraja" ilikuwa na maana ya kupima baada ya mtaa. Urasimishaji tuliokuja kuufanya ulisaidia watu kupata hati, lakini ulichora tu kile kilichokuwapo. Hauwezi kuzaa eneo la zahanati mahali penye sebule ya mtu.

Inasaidia kutazama daraja kubwa lenye kumbukumbu ndefu. Golden Gate, huko Marekani, lilifunguliwa Mei 1937, likaiunganisha San Francisco na Marin, wilaya iliyokuwa ikifikiwa kwa feri. Marin ilikuwa na watu 41,648 mwaka 1930 na 52,907 mwaka 1940. Mwaka 1960 walikuwa 146,820. Ongezeko kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na magari ya bei nafuu na mikopo ya nyumba. Daraja peke yake halikutosha. Kwa Ng'ambo kilichokuwa kinasubiri upande wa pili kilikuwa uhamisho wa Serikali. Daraja lilelile mwaka 1995 huenda lingezaa nyumba chache na genge moja.

Jambo la Marin linalonivutia zaidi liko mguuni mwa daraja. Ukivuka Golden Gate kwenda kaskazini, kinachokupokea ni vilima vitupu. Ardhi hiyo ilishikiliwa muda mrefu na jeshi, na mradi wa kujenga mji mzima juu ya vilima hivyo katika miaka ya 1960 ulipingwa hadi ukafa. Mwaka 1972 eneo likaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Ardhi ilikuwa na mwenyewe mwenye nguvu kabla ya dalali. Kule Ng'ambo, mwenye ardhi wa namna hiyo alikuwa ukoo mmoja tu. Na kuhusu bomba: wakati wa ukame wa 1976 na 1977, Marin iliokolewa na bomba lililotandazwa juu ya daraja jingine, la Richmond–San Rafael. Ilikuwa kazi ya dharura, lakini daraja lilikuwa na mahali pa kulilaza.

Asidhani mtu kwamba dawa ni kupiga marufuku ujenzi mpaka mpango ukamilike. Kigamboni, jijini Dar es Salaam, ilitangaziwa mpango wa mji mpya mwaka 2008, na wakaazi wakazuiwa kuendeleza ardhi yao huku fidia haijulikani. Daraja lilipofunguliwa Aprili 2016, mita 680 kutoka Kurasini, watu walikuwa wameishi miaka kadhaa bila kujua kama waezeke au wangoje. Zuio lisilo na fedha humwumiza mnyonge asiyeweza kungoja, na mwenye nacho hujenga usiku.

Kilichofaa Ng'ambo ni kile alichokifanya ukoo ule. Wengi huusifu kwa ukarimu, na ukarimu ulikuwapo, lakini mimi naona zaidi hesabu nzuri. Walitoa kipande, wakapata viwanja vilivyopimwa vyenye bei ya juu kuliko shamba zima lisilopimwa. Halmashauri haikutoa fidia hata senti. Hofu ya mzee aliyeinuka mkutanoni ilijibiwa, kwa kuwa waliopigisha bikoni walikuwa wanaukoo wenyewe. Kama makubaliano ya namna ile yangependekezwa kwa koo zote zilizo kwenye njia ya barabara mpya, katika wiki zilizofuata tangazo, naamini nyingi zingekubali. Haikuwa lazima kuchora mtaa mzima. Barabara kuu tatu au nne, njia ya maji ya mvua na vipande vya shule, zahanati na soko vingetosha, na mengine yangejipanga.

Asilimia kumi inahitaji kutazamwa kwa macho makavu. Kuikemea hakujaiondoa. Ofisi ya mtaa iliyo kwenye njia ya mradi inahitaji fedha za kuendeshea kazi kwa kipindi hicho, hata kidogo, zitoke kwenye mradi wenyewe, ili mtendaji anapokataa kugonga muhuri kwenye mauziano yaliyo ndani ya njia ya maji asiwe anajinyima karatasi za ofisi.

Kuhusu mahali na upana wa daraja, siwalaumu wahandisi. Walipewa swali la kuvuka korongo, wakalijibu vizuri. Swali la nani atakuja kuishi upande wa pili lilipaswa kuletwa na watu wa mipango, na wao hawakuwa kwenye timu ya usanifu. Njia ya waenda kwa miguu inaweza kuongezwa pembeni kwa vyuma, na makadirio yake yameombwa. Bomba pia linaweza kupita kwenye vyuma hivyohivyo iwapo mamlaka mbili zitakubaliana juu ya nani anachimba, nani analipa na nani anafukia.

Pale kwenye drifti ya zamani sasa pameombewa kalavati, kwa sababu watu wa chini hawajaacha kupita njia yao. Ombi lilipoandikwa, kamati ya ardhi iliambatanisha mchoro wa penseli unaoonyesha eneo la zahanati na njia ya maji ya mvua, ukiwa na saini za wenye mashamba. Tangazo la mradi bado halijatolewa, na madalali wameshaanza kuulizia.